Neno la mlinzi wa daraja: Mfasiri wa michezo na kaka yake asiyeona

Saa mbili asubuhi. Katika chumba kilicho nyuma ya duka la ushonaji, mwanamke wa miaka arobaini na moja anasoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo cha kompyuta. Kaka yake ameketi kando, kidole juu ya kitufe. Haoni kitu.

"Adui huyu anasema mikono yake inatetemeka," dada anamwambia.

"Basi tumsikilize," kaka anajibu, na kubonyeza.

Mwanamke huyu, ambaye majirani humwita Bi Kamusi, ni mfasiri. Kwa miaka miwili amekuwa akitafsiri mchezo wa kompyuta wa Kijapani, hadithi ya askari anayetafuta njia ya kurudi nyumbani katika nchi ya majitu na wachawi. Hata huko ulikotoka, wanaoujua ni wachache. Una mistari elfu kumi na nane.

Mapigano yake hayana pupa. Kila upande hungoja zamu, na zamu yako ikifika unachagua kupiga au kusikiliza. Ukisikiliza, adui husimulia kipande cha maisha yake, ila huku anakupiga nawe unaumia. Ukimuua, hadithi yake imeishia hapo.

Bi Kamusi alianza kujifunza Kijapani akiwa karani wa ghala la vipuri vya magari, akidadisi maandishi ya kwenye maboksi. Mchezo wenyewe aliujua kwa kaka yake, fundi wa kuchomelea, aliyefika katikati kabla presha ya macho haijampofusha. Alipopewa kazi ya kuutafsiri, alimrudisha kaka kwenye kiti cha mchezaji.

Mwaka jana walimfikia mlinzi wa daraja, mzee mwenye mkuki. Kaka alimsikiliza siku nne, akishindwa na kuanza upya, hadi akajua habari zake zote, hata za binti yake. Ndipo mlinzi akatamka maneno ambayo Bi Kamusi alikuwa ameyatafsiri, "Sasa imetosha!" Kaka akadhani ni tishio. Akapiga. Mzee akaanguka.

Bi Kamusi akarudi kwenye Kijapani. Mlinzi hakuwa akitisha. Alikuwa akisalimu amri.

"Kaka hakunigombeza," anasema. "Aliniuliza tu, 'Kwa hiyo alikuwa ameshakubali?' Nikatoka nje, nikajifanya naanua nguo."

Maneno ya mapigano ni mafupi, naye alikuwa ameyapitia juu juu, nguvu zake akizimalizia kwenye masimulizi marefu. Aliomba miezi mitatu ayarudie yote. Msimamizi wake alimjibu kwamba hakuna mchezaji anayeyasoma, na kwamba muda huo hautalipwa. Bi Kamusi akakubali. Asubuhi akawa anamsaidia mdogo wao, mwenye duka, kupinda mashuka. Mchana anarudi kwenye mistari.

Sasa mlinzi anasema, "Basi, mwanangu. Nimechoka." Mwezi uliopita kaka alifika tena darajani. Aliposomewa maneno hayo, aliondoa kidole kwenye kitufe. Mlinzi akalaza mkuki chini, akampisha.

"Halafu kaka akaniomba maji ya kunywa," Bi Kamusi anakumbuka.

Anachotaka sasa ni mchezo wote urekodiwe kwa sauti, ili asiyeona aweze kucheza peke yake. Ameiandikia kampuni iliyoutengeneza, yenye watu tisa tu, nao wamekubali kujaribu sura ya kwanza.

Kaka ana sababu yake ya kuingoja siku hiyo.

"Dada anasoma vizuri," anasema. "Ila nikikaribia kukosea, huwa anavuta pumzi. Nami nataka siku moja nikosee mwenyewe."