Sebule Isiyo na Paa

Nyumba ya Kitwana, pale mtaani kwetu Picha ya Ndege, ilikaa pagala miaka sita. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa na bati, na humo waliishi yeye, mkewe Zuwena na binti yao Rahma. Sebule, chumba cha kulia na vyumba vya nyuma vilikuwa kuta tupu za matofali, juu yake mbingu. Aliianza nyumba hiyo akiwa mtunza stoo Dar. Kazi ilipokwisha, ujenzi nao ukasimama.

Sisi majirani tulimjua kwa aibu yake. Mgeni akija, Kitwana alimkaribisha chumba cha mbele na kuufunga haraka mlango wa ndani, asije akaona nyasi zilizoota sebuleni.

Masika moja Zuwena alikwenda kwao Kurui, upande wa Kisarawe, kumjulia hali mama yake, Bi Mwanaamina. Alirudi na kiroba cha marando ya matembele, na mbegu za kunde, bamia na maboga alizozifunga kwenye pindo la kanga. Nje hapakufaa: kuku wa mtaa mzima walichakura pale, na mbuzi walipita watakavyo. Akaingia sebuleni na jembe.

"Mama Rahma, unafanya nini?" Kitwana aliuliza kutoka mlangoni.

"Nalima."

"Sebuleni kwangu?"

"Nyasi zimeota bila kukuuliza. Mimi angalau nitakulisha."

Kitwana alikuja kukaa barazani kwangu mpaka jua likageuka.

Kuta zile zilizuia mbuzi na ukali wa jua, na mvua ikaingia yote. Kunde zilipanda madirishani, mahali pa nondo. Maboga yakatambaa chumba cha kulia. Zuwena hakutupa kitu: maji aliyooshea mchele aliyapeleka kwenye bamia, maganda na majivu aliyafukia shimoni, ndoo zilizotoboka akazioteshea mchaichai. Nimekula pale mara nyingi, ugali wa dona na matembele ya nazi, nikarudi nyumbani nimeshiba bila kulemewa. Kitwana naye alikula, lakini bustanini hakukanyaga.

Kisha Zuwena akalala na homa siku tatu, ikabidi mumewe amwagilie. Asubuhi ya kwanza aliingia na kopo, ukungu ungali umetanda usawa wa madirisha. Umande ulikuwa umetulia juu ya majani, na ua la boga lilikuwa linafunguka polepole, nyuki tayari yumo ndani. Kitwana akasimama. Aliniambia baadaye kwamba alisahau kilichomleta. Alijihisi kama anaota, yuko ndani ya nyumba ya mtu mwingine, mtu mwenye bahati kuliko yeye. Rahma alimkuta hapohapo, kopo bado limejaa, suruali imelowa mpaka magotini.

"Baba, mama anauliza umeshamwagilia?"

"Mwambie ndiyo namwagilia."

Tangu siku hiyo kazi ya kumwagilia ikawa yake, na ule mlango wa ndani sikuuona tena umefungwa.

Mwaka jana kaka yake mkubwa, Saburi, mfanyabiashara wa mbao kule Misugusugu, alifika na kirikuu, kigari cha mizigo, kilichojaa mabati.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo tunaifunika nyumba yote. Ng'oeni hayo majani."

Kitwana alimtazama mkewe.

"Nyumba ni yako, Baba Rahma," Zuwena alisema, akainama kuendelea kuchuma.

Kitwana alipita chumba hadi chumba, akigusa kuta kwa kiganja. Aliporudi, macho yalikuwa yamemlegea kama ya mtu aliyetoka usingizini.

"Nashukuru sana, kaka. Tufunike chumba kimoja cha nyuma. Mama mkwe yuko peke yake Kurui, nataka nimlete. Hapa paache."

"Uache sebule wazi? Watu watasema nini?"

"Wameshasema. Sasa wanakuja kuomba mboga."

Saburi alishika kiuno, akatikisa kichwa, mwisho akacheka. Aliondoka na sehemu kubwa ya mabati aliyokuja nayo, na juu yake maboga mawili.

Bi Mwanaamina alihamia kabla ya vuli. Nilikuwepo mvua ya kwanza ilipokuja, alasiri. Alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba chake akimenya kunde. Nyuma yake mvua ilipiga bati kwa kishindo. Mbele yake, sebuleni, ilishuka juu ya majani kwa sauti ya chinichini, kama watu wanaoongea bila kutaka kumwamsha mtoto.

"Mama, ingia ndani usilowe," Kitwana alimwambia.

"Niache, mwanangu. Nasikiliza."

Kitwana akavuta kigoda, akakaa mbali kidogo naye kwa heshima, akasikiliza pia.