Kitabu Kimoja kwa Wiki Sita

Ipo Jumanne moja, mwanangu, ambayo bado naikumbuka vizuri: siku niliyobadilisha kitabu bila ruhusa. Nakueleza kwa sababu umenionyesha mpango wako wa kazi pale shuleni Mbololo, wa wale watoto wanane wenye shida ya kuongea, na humo nimehesabu vitabu kumi na viwili kwa muhula mmoja. Soma haya kwanza.

Wakati huo nilikuwa kijana asiyekaa mahali. Shule niliacha darasa la sita. Nilikuwa nimekata mkonge, nimechimba mawe ya thamani kule Kasigau, nimekuwa utingo wa lori la saruji. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa, halafu nikaondoka. Nikafika shule moja ya msingi ya Kaloleni, pale Voi, kutengeneza madawati, na huko nikamkuta Madam Nzilani, mama wa makamo kutoka Ukambani aliyesomea kuwasaidia watoto wenye matatizo ya usemi. Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, na watoto watano. Nilichungulia mlangoni siku tatu mfululizo.

"Kijana," akaniambia, "unaingiza vumbi. Ingia ushike makasi au uende zako."

Nikashika makasi, nikawa msaidizi wake.

Alikuwa amechagua kitabu kimoja chembamba, cha kuku anayetafuta yai lake. Kila ukurasa kuku anamuuliza mnyama mwingine, "Umeona yai langu?" Kitabu hicho kilipangiwa wiki sita. Ya kwanza ilikuwa ya majina tu: tulileta manyoya, kikapu, na yai lenyewe, watoto walishike. Ya pili ilikuwa ya vitendo: kuku anaruka, anachungulia, anakimbia, na watoto wanafanya vivyo hivyo. Ya tatu, Madam angesoma lile swali na kunyamaza kabla ya neno la mwisho, ili wamalizie wao. Baada ya hapo kupanga picha kwa mfuatano, kisha kusimulia, na wiki ya mwisho mtoto amsimulie mzazi wake.

Kati ya watano hao alikuwepo Wakesho, wa darasa la pili. Mama yake alipanga chumba jirani na shule, akiteremsha kabeji kutoka Werugha kuuza sokoni Voi, na hakuwa na mtoto mwingine. Nyumbani Wakesho alimnong'oneza mama yake. Shuleni hakuwahi kutoa neno. Mwalimu mkuu alikuwa ameshasema: asipojibu hata swali moja kufikia Ijumaa ya mwisho wa wiki ya sita, atapelekwa shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalum, safari ya siku nzima kutoka kwao.

Jumatatu ya wiki ya tatu Madam alisoma, "Umeona yai..." akanyamaza. Midomo ya Wakesho ikatembea. Sauti haikutoka, lakini midomo ilitembea. Madam aliona, akafungua ukurasa uliofuata kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kesho yake aliitwa mkutanoni Wundanyi kwa siku tatu. Aliniachia karatasi: soma kilekile, nyamaza palepale. Mimi yule kuku nilikuwa nimemchoka. Nilikuwa nimepata kitabu kipya chenye simba na gari moshi, nikajiambia watoto nao wamechoka, nikawasomea hicho. Wanne walicheka mpaka wakagaragara. Wakesho aliinuka, akakitoa kile cha kuku kwenye boksi, akakiweka magotini pangu.

"Hicho tumeshamaliza," nikamwambia, nikakirudisha.

Akaketi, mikono ameikalia. Jumatano nikasoma kingine, Alhamisi kingine tena.

Madam aliporudi na kufungua kitabu cha kuku, Wakesho aligeukia ukuta. Madam akangoja watoto watoke.

"Umefanya nini?"

"Niliwachangamsha, Madam. Walikuwa wamechoka."

"Nani alikuwa amechoka?"

Nikainama kuokota makasi.

"Sema. Wewe unaweza kusema. Nani?"

"Mimi."

"Basi ungeenda ukalala. Huyu mtoto kwa mara ya kwanza hapa shuleni alikuwa anajua kinachofuata. Wewe ukamwondolea."

Hakupiga kelele. Tulianza upya na manyoya na kikapu, na Ijumaa ya mwisho ilitukuta kwenye wiki ya tatu kwa mara ya pili.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliketi kwenye kiti kidogo, akauliza kwa upole, "Wakesho, kuku anatafuta nini?" Midomo ikatembea.

"Ameanza," Madam akasema.

"Madam, mimi nilisema ajibu." Akatia sahihi fomu ya kumhamisha.

Jumatano iliyofuata, Madam aliponyamaza, Wakesho akasema, "langu." Alilisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtoto anayeomba maji. Madam alikimbia ofisini. Barua ilikuwa imeshakwenda, nafasi ya bwenini imeshathibitishwa. Januari mama yake alifika kumchukua, amebeba sanduku la bati badala ya kabeji. Nasikia huko bwenini mtoto aliongea vizuri. Mama yake alimsikia wakati wa likizo tu.

Kwa hiyo, mwanangu, futa vitabu kumi. Bakiza viwili, na kila kimoja kiwe na maneno yanayorudi ukurasa hadi ukurasa. Kando ya kila wiki usiandike utakachofundisha wewe. Andika mtoto atafanya nini. Ukinyamaza ili amalizie, nyamaza kweli, hata kama kimya kinakukera. Na ukifika wiki ya tatu ukahisi umekichoka kitabu, nenda katembee, kunywa chai, halafu rudi ukifungue kilekile. Siku utakayokosekana, hakikisha anayekushikia nafasi ameelewa kwa nini kitabu ni kilekile.

Mungu akupe utulivu ambao mimi niliupata nikiwa na mvi, na watoto wako wote wanane waongee wakiwa bado nyumbani kwa mama zao.