Mkamuaji wa Sumu na Kaka Yake

Kazi yake ilikuwa kukamua nyoka. Watu wakimwuliza anafanya kazi gani, naye akawajibu hivyo, kwanza walicheka wakidhani ni utani, halafu wakasogeza viti nyuma kidogo, kana kwamba huenda amekuja na mmoja kwenye mkoba. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake. Jina hilo lilimfuata hadi kazini, kwa sababu aliyempeleka kazini alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Kaka alikuwa mtunzaji mkuu wa nyumba ya nyoka. Lilikuwa jengo refu lenye vizimba vya kioo huku na huku na ukumbi wa wageni katikati. Nyuma kabisa kulikuwa na chumba cha kukamulia, chenye meza ya chuma, taa kali, na mlango wa komeo mbili. Baba yao alipofariki, Kitinda alikuwa amemaliza shule, anashinda nyumbani akihesabu boriti. Kaka akamwombea kazi ya kufagia. Haukupita muda akamwona anavyosimama mbele ya vioo bila kushtuka, akaanza kumfundisha. Alisimama nyuma yake, mikono yake juu ya mikono ya dada yake, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika: ndoano unaipitisha hapa, kichwa unakibana taratibu hapa, kidole gumba kinakaa nyuma ya taya, na akili yako isiende sokoni.

Akawa hodari. Alimshika nyoka, akamwacha aume kipande cha mpira kilichokazwa juu ya glasi, sumu ikatiririka kwenye kuta za glasi, rangi yake kama mafuta mepesi ya kula. Sumu ile ilikwenda maabara, nako huko ndiko dawa ya walioumwa inakotengenezwa. Mama alipokuwa akilia kwamba mwanawe wa mwisho amekosa kazi nyingine yote duniani, Kitinda alimjibu kwamba yeye ni mkamuaji tu kama wa ng'ombe, ila maziwa yake hayanyweki.

Wageni waliuliza swali moja lile lile: nyoka gani ni hatari kuliko wote duniani? Kitinda alipenda kulijibu. Aliwaambia kwamba yule mwenye sumu kali kupita wote anaishi jangwa la mbali, ana haya, na kusikia ameua mtu ni nadra sana. Wanaoua watu wengi ni wale wanaoishi karibu na watu. Kuna mmoja mdogo, anakaa mashambani, ukimchokoza anasugua magamba yake hadi yanatoa sauti ya kitu kinachokaangwa; huyo amemaliza wakulima wengi kuliko majitu yote ya kwenye hadithi. Kuna kifutu, mnene, mvivu, ambaye hakimbii hata akisikia hatua zako. Analala njiani akingoja ukanyage. Kuna swila anayetema mate ya sumu akilenga macho. Halafu aliwapeleka mbele ya koboko. Wengi walimtarajia mweusi, wakamkuta wa kijivu, mwembamba, mrefu kuliko mlango. Weusi uko ndani ya kinywa, aliwaambia, na akikuonyesha huo weusi ujue amekwisha kukuonya. Koboko huwa anataka kukimbia. Lakini akikosa njia, anauma mara nyingi kwa mpigo mmoja, na sumu yake inazima misuli, mmoja baada ya mwingine, mpaka ile ya kuvuta pumzi.

Kwa hiyo walikuwa na sheria. Katika chumba cha kukamulia kulikuwa na friji ndogo yenye dawa, na ufunguo wake aliuweka Kaka. Kabla ya kufungua kizimba chochote, anayefungua aliuliza, "Dawa ipo?" na mwenzake akajibu, "Ipo." Bila jibu hilo hakuna aliyegusa komeo.

Mwaka ule Kaka alipata mchumba, mshonaji wa nguo aliyecheka kwa urahisi, na Kitinda alimpenda tangu siku ya kwanza. Wakafanya sherehe ndogo ya uchumba nyumbani kwa mama. Ilikuwa siku ya joto la kuchemsha ubongo. Kitinda alipoingia jikoni alikuta friji ya kazini imesimama karibu na jiko, imejaa soda. Alimwuliza kaka yake dawa ziko wapi. Kaka akamwambia amezihamishia kwenye friji kubwa ya daktari wa mifugo wa kituo, asiwe na wasiwasi, leo ni siku ya furaha. Kitinda akachukua soda, akainywa yote, akaifurahia.

Hazikuhamishiwa popote. Kaka alikuwa amekwenda kuchukua friji, akamkuta daktari wa mifugo ameshafunga ofisi yake na kuondoka, akaziacha chupa juu ya rafu katika chumba cha kukamulia, kisicho na dirisha, akijiambia atarudi nazo baadaye. Sherehe ikanoga, wageni wakalala pale pale, akarudi na friji siku mbili baadaye. Dawa zilikuwa zimegeuka, zina mawingu ndani kama maji ya mchele. Alizimwaga. Maboksi matupu akayarudisha kwenye friji, akayapanga vizuri, akafunga kwa ufunguo. Angeomba nyingine, lakini kuomba kulimaanisha kueleza. Akasema moyoni kwamba ataeleza wiki ijayo. Na kila Kitinda alipouliza kama dawa ipo, alimjibu kwamba ipo.

Alimjibu hivyo pia asubuhi ile ya koboko. Kitinda alishika kichwa, Kaka alishika mkia. Hakuna aliyefanya kosa ambalo mtu angeweza kulitaja. Nyoka alijipinda, kichwa kikazunguka ndani ya vidole vilivyokuwa na jasho, jino moja likakwaruza kidole cha shahada. Kama mwiba wa waridi, Kitinda alisema baadaye. Walimrudisha koboko kizimbani kwanza, kwa utulivu, kama walivyozoea. Kisha Kitinda akakaa chini, akaanza kujifunga bandeji pana kutoka mkononi kwenda juu, akamwambia kaka yake alete dawa waende nayo hospitali.

Kaka hakwenda kwenye friji. Alisimama tu.

"Hamna," alisema.

Kitinda hakuelewa. Midomo yake ilikuwa imeanza kufa ganzi, akadhani masikio nayo yanamdanganya. Kaka akamnyanyua, akamkimbiza kwenye gari la kazini, na njia nzima alikuwa akisema samahani, samahani mdogo wangu, bila kusema ni samahani ya nini. Walipofika hospitali kope zilikuwa zimeanguka na Kitinda hakuweza kuzinyanyua. Ulimi ukawa mzito. Kifua kikaanza kukataa. Jambo la mwisho aliloona ni viatu vyeupe vya muuguzi.

Daktari alikuwa dada mmoja asiyepoteza maneno. Alimwingiza mpira kooni, akamwunganisha na mashine ya kupumulia, akapiga simu mji wa pili kutafuta dawa. Aliwaeleza ndugu kwamba mashine itampumulia mpaka dawa ifike, lakini hawezi kuahidi kwamba atapona.

Ambalo wengi hawalijui ni kwamba sumu ya koboko inazima mwili kabla ya akili. Kitinda hakuweza kufumbua jicho wala kutingisha ukucha, lakini alikuwa humo ndani, mzima, akisikia kila kitu: mlio wa mashine, kandambili za mtu koridoni, mama yake akiita jina lake halisi ambalo halikuwa limetumika tangu shule. Kisha akasikia sauti ya meneja wa nyumba ya nyoka, karibu kabisa na kitanda, akimwuliza Kaka imekuwaje kituo kizima kikakosa dawa.

Kaka akasema, "Friji nilimwachia yeye. Alisahau kuiwasha, dawa zikaharibika. Alinificha. Nimejua leo."

Kitinda alijaribu kusogeza kidole. Alikusanya nguvu zote alizokuwa nazo akazituma kwenye kidole kimoja, na kidole hakikusikia. Alimsikia meneja akishusha pumzi na kusema masikini, binti wa watu. Alimsikia mama yake akisema Kitinda tangu utotoni alikuwa msahaulifu. Na kaka yake, aliyeshika mkono wake wakati wote huo, akaendelea kuushika.

Dawa ilifika kabla jua halijatua. Ilichukua siku kadhaa kope kurudi, kisha vidole, kisha pumzi yake mwenyewe. Mpira ulipotolewa kooni, Kaka alikuja na machungwa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshukuru Mungu kwa sauti. Alimenya chungwa taratibu huku akimweleza kwamba friji iliharibika, jambo la bahati mbaya, na kwamba akiulizwa asijichoshe kujibu.

"Nilikusikia, Kaka," Kitinda alisema. Sauti yake ilikwaruza kama mchanga.

"Ulisikia nini?"

"Yote. Macho ndiyo yaliyofungwa."

Kaka aliweka kisu chini. Alilia, na Kitinda akamwacha alie. Akasubiri aseme kwamba alichanganyikiwa, kwamba hofu ilimpanda kichwani. Angekuwa tayari kulipokea hilo. Lakini Kaka, pengine kwa sababu alikuwa amechoka kudanganya, alisema ukweli.

"Daktari alisema huenda usipone. Nikaona, wewe hawakufukuzi tena. Mimi nina harusi."

Kitinda akageukia ukuta. Machungwa aliyaacha kwa muuguzi.

Mama alikuja peke yake siku iliyofuata. Alikuwa ameelezwa ukweli na Kaka, na alikuwa amelia usiku kucha, hilo lilionekana. Lakini alilokuja nalo lilikuwa ombi: wewe umepona, mwanangu, yeye akifukuzwa huyo mchumba atamwacha, baba yenu hayupo, nani atashika nyumba? Kitinda alimwuliza kama angepewa maiti yake angeizika kwa jina la mzembe. Mama alikunja shuka iliyokuwa imeshakunjwa.

Alipoweza kutembea, Kitinda alikwenda moja kwa moja kwa meneja akamweleza. Meneja hakujua amwamini nani, mpaka mlinzi wa getini, bila kushurutishwa, aliposema ndiye aliyesaidia kupakia friji kwenye gari siku ile, na kwamba Kaka alimpa soda ya shukrani. Kaka aliachishwa kazi. Mchumba hakumwacha, walioana, kwa sherehe ndogo kuliko ile ya uchumba. Kitinda hakualikwa. Shangazi yao alitangaza kwamba mwanamke akikaa na nyoka sana anaishia kuwa mmoja wao, na ukoo ukalipenda neno hilo, wakalitembeza.

Alirudi kazini. Kidole cha shahada kilibaki kigumu kwenye kiungo cha juu, kwa hiyo alijifunza upya kushika kwa kidole cha kati. Aliwekewa mwenzake mpya, mama mmoja mtu mzima aliyewahi kufanya kazi chumba cha wagonjwa mahututi, asiyeogopa kitu isipokuwa mende. Wageni waliendelea kuuliza nyoka gani ni hatari kuliko wote, naye aliendelea kuwajibu kwa uaminifu, bila kuongeza la kwake. Koboko hakumchukia hata siku moja. Koboko alikuwa amebanwa kichwa.

Kwa mama yake alikwenda Jumapili, na Kaka na mkewe walikwenda Jumamosi. Mama alipika mara mbili. Aliwahi kusema, akikwangua sufuria, kwamba amezaa wawili lakini anapika kama aliyezaa mmoja mmoja. Kitinda alimwambia kwamba dawa kuharibika angesamehe pale pale, hata kabla ya kuumwa kuisha. Lile la kitandani ndilo hakujua aliweke wapi.

Jumapili moja ya mvua alifika akakuta viatu vya kiume mlangoni. Mama alitoka, mikono ina unga, akamsihi aingie tu, leo tu. Ndani kulisikika mtu akikohoa, kikohozi alichokijua tangu utoto wa chumba kimoja. Kitinda hakuingia na hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi chini ya bati, mama akamletea sahani, akala pale nje taratibu hadi akamaliza, huku mama amesimama katikati ya mlango, hajui atazame upande gani.