Kiti cha Bi Pingamizi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kola, kwa sababu shati aliloshona yeye hata likichakaa mwili mzima, kola inabaki imesimama. Mke wake aliitwa Bi Pingamizi, na jina hilo hakulipata mtaani, alilipata halmashauri. Ukiwaona wawili hao barabarani ulijua mara moja nani anazungumza na nani kabeba kikapu. Fundi alikuwa na mdomo mzito tangu utotoni. Akaoa mwanamke mwenye maneno ya kuwatosha wote wawili, na kwa miaka yote ya ndoa yao hakuona haja ya kutafuta ya kwake.

Sasa Bi Pingamizi amefariki, na Fundi amekufa ganzi. Sisemi kahuzunika, huzuni ni kitu, mtu unaweza kukishika. Huyu hakuwa na kitu. Asubuhi alifungua kibanda, akashona, jioni akafunga. Siku moja sindano ya cherehani ilimpita kidoleni ikatokea upande wa pili, naye akakitazama kidole kile kama cha jirani. Mteja ndiye aliyepiga kelele. Mazishini hakutoa chozi, na wapo walionong'ona kwamba yule mwanaume ana moyo wa jiwe. Binadamu hawakosi la kusema; angelia wangesema kazidisha.

Binti yake ndiye aliyemsukuma kwenye kamati.

"Baba, wamepiga simu kutoka halmashauri. Wanauliza kama utakubali kukaa badala ya mama kwenye ile kamati ya bustani."

"Mimi nina habari gani za bustani?"

"Kwani wenzako wanazo? Nenda tu ukakae na watu."

Akaenda. Angeambiwa aende akakae juu ya paa, angeenda vilevile.

Kamati yenyewe ni ya wakazi wa kujitolea. Hawalipwi, wanapewa chai na asante. Kazi yao ni kuishauri halmashauri juu ya bustani za mji: mti gani ukatwe, majani yafyekwe lini, bembea za watoto zikae upande gani. Wanakutana kila baada ya miezi michache katika chumba cha ghorofani ambacho zamani kilikuwa stoo ya mipira ya kumwagilia, na mpaka leo kinanuka mpira. Feni ipo na inazunguka, ila upepo wake sijui unaenda wapi.

Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, wote wanamwita Mwalimu. Mambo ya kunyoosha mikono waliyaacha zamani, baada ya wajumbe wawili kununiana mwaka mzima kwa ajili ya mawaridi. Tangu hapo wakajiwekea utaratibu wao. Mwalimu anasoma pendekezo, kisha anavua miwani, anaifuta kwa leso, anaivaa tena. Mwenye pingamizi aseme miwani ikiwa mkononi. Ikisharudi puani, pendekezo limepita. Mtu mmoja akipinga, linarudi lilikotoka. Na hata likipita, lazima lisomwe tena kikao kinachofuata na lipite mara ya pili, ndipo lipelekwe kwa madiwani.

Kikao cha kwanza, Fundi akakalishwa kwenye kiti kile kile cha marehemu, karibu na dirisha. Afisa wa bustani, kijana wa halmashauri mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akaleta pendekezo lake. Mabenchi ya bustani iliyo mbele ya hospitali yang'olewe. Watu wanalala pale, wanaanika nguo, mji unaonekana mchafu.

Fundi aliyajua mabenchi hayo. Wiki ya mwisho ya mke wake alishinda pale, maana wodini walikuwa hawaruhusu mtu mpaka saa ya kuona wagonjwa. Na ni pale pale muuguzi alipovuka barabara kumfuata, akaja polepole, na kabla hajafika Fundi alikwishajua. Kwa hiyo aliposikia "yang'olewe," aliwaza: yang'olewe tu. Hakuwaza kwa hasira wala kwa uchungu. Aliwaza kama mtu anayeambiwa mvua imekatika.

Mwalimu akavua miwani. Akafuta kioo cha kwanza, akafuta cha pili, akarudi kwenye cha kwanza. Macho yote yakawa kwa Fundi. Mama mmoja mwenye duka la dawa akakohoa bila kikohozi. Fundi alikuwa anaangalia kucha zake. Mwishowe Mwalimu akaivaa miwani, maana hata leso ina mwisho wake.

"Limepita," akasema, kama haamini.

Kikao kilipovunjika, afisa akamkimbilia Fundi kwenye ngazi.

"Mzee, samahani. Mbona hukupinga?"

"Nipinge nini?"

"Mabenchi. Mimi lile pendekezo nalileta kila kikao kwa sababu bosi wangu analitaka. Nalileta, Bi Pingamizi analipinga, narudi kumwambia bosi wakazi wamekataa, mambo yanaisha. Miaka yote ndivyo tulivyokwenda."

"Na wale wengine hawana midomo?"

Afisa akajikuna shingo. "Wanayo, mzee. Ila walishazoea kwamba wa kupinga yupo."

Hebu niambie. Watu wazima wamejaa chumba kizima, hakuna hata mmoja anayetaka mabenchi yang'olewe, mpaka aliyeleta pendekezo hataki, na mabenchi yamepitishwa kwa kauli moja. Penye wengi pana mengi, wanasema. Siku ile palikuwa na kimya tu.

Habari haikukaa. Kabla wiki haijaisha, mdogo wake marehemu aliingia kibandani na gauni mkononi, eti lipunguzwe kiunoni. Gauni lilikuwa linamtosha sawasawa.

"Shemeji, nasikia mabenchi mmeyapitisha."

"Yamepita."

"Yamepita, au umeyapitisha? Dada yangu angekuwa hai, usiku huo ungelala sebuleni."

Fundi akapima kiuno, akachora chaki. "Shemeji, mimi sikujua. Kwani mabenchi yale yalimhusu nini?"

Shemeji akavuta kiti cha wateja, akakaa.

"Mwaka ule ulipolazwa kwa kile kifua. Dada alikuwa analala wapi?"

"Kwako."

"Kwangu!" Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Hakulala kwangu hata siku moja. Alikuwa pale bustanini, kwenye benchi. Alisema akikaa pale analiona dirisha la wodi yako, taa ikiwaka anajua mmeamshwa kunywa dawa. Mimi nilikuwa nampelekea chai na shuka."

"Aliniambia yuko kwako."

"Alikwambia hivyo ili upone. Ungejua analala nje, ungetaka kutoka kitandani na mipira yako ya dripu."

"Nilipona. Miaka imepita. Mbona hakusema?"

"Alisema ukijua utaanza kumwonea huruma. Na unamjua dada, huruma alikuwa haiwezi. Alichokifanya ni kuhakikisha benchi halitoki. Basi."

Fundi akarudi kwenye cherehani, akalikanyaga. Alikuwa anasubiri kitu kimfike. Neno zito namna ile, bila shaka lingemfikia mahali. Alikanyaga mshono wote wa kiuno akisubiri, na ndani kimya. Hapo ndipo alipoogopa. Msiba wenyewe haukumwogopesha hivyo. Alimtazama shemeji yake akifuta macho, akamwonea wivu.

Siku ya kikao cha pili aliondoka nyumbani mapema akapitia bustanini. Mabenchi yalikuwa yamejaa watu wenye vikapu na chupa za chai, kila mmoja na macho yake kwenye madirisha ng'ambo ya barabara. Mwanaume mmoja mnene akajisogeza.

"Karibu, mzee. Kaa, nafasi ipo. Una mgonjwa?"

"Ndiyo," akasema Fundi. Hakujua kwa nini alisema hivyo.

"Nani wako?"

"Mke wangu."

"Pole sana. Anaendeleaje?"

Fundi akafikiri. "Hajambo kidogo," akasema.

"Tushukuru. Kidogo si haba." Yule bwana akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa. Fundi akainywa yote, maana ukishasema uongo huwezi kukataa na chai. Kisha akaaga, akaenda halmashauri.

Chumbani wote walikuwa wameshafika, na wote walijua. Usidhani walikuja wamejipanga kupinga. Walikuja kila mmoja amejiandaa vizuri sana kumsubiri mwenzake. Mwalimu akasoma pendekezo la mabenchi kwa mara ya pili, polepole, hata vituo akavisoma. Afisa alikuwa amejiinamia kama mtoto aliyevunja sahani. Miwani ikavuliwa.

Fundi alilitaka neno, nalo likawa zito. Alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu hata siku ya harusi yake. Siku ile pia mke wake ndiye aliyewashukuru wageni. Leso ikaanza kuzunguka kwenye kioo cha kwanza. Akafungua mdomo, akaufunga. Kioo cha pili. Yule mama wa duka la dawa akavuta pumzi, Fundi akadhani atasema yeye, akamshukuru moyoni, na yule mama akaitoa pumzi yake hivyo hivyo tupu. Miwani ikaanza kupanda kuelekea usoni.

"Napinga," akasema Fundi.

Mkono wa Mwalimu ukasimama hewani.

"Sababu yako, Fundi? Lazima iandikwe."

Bi Pingamizi angewapa sababu mpaka jua lizame, na wangetoka wakicheka. Fundi alizitafuta zote hizo asizipate. Alikuwa na moja tu, na hakujua kama ni sababu.

"Mke wangu alipofariki," akasema, "muuguzi alinifuata pale bustanini kuniambia."

Wakangoja.

"Aliponikuta, nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi."

Mama wa duka la dawa akasema, "Na mimi napinga." Na mwingine. Na mwingine. Wote wakawa na midomo ghafla, kila mmoja na pingamizi lake, ingawa lilikuwa limeshatosha lile moja. Afisa akainua kichwa.

"Basi limerudi," akasema, na furaha alishindwa kuificha. "Ila nawaambia mapema, nitalileta tena. Bosi ni yule yule."

"Lilete," akasema Fundi. "Nitakuwepo."

Akajisikia akisema hivyo, akalipigia hesabu neno lenyewe: kikao kijacho, na kinachofuata, na mwakani, yeye peke yake kwenye kiti hiki kando ya dirisha, na mwenye kiti harudi. Ndipo ikamuuma. Mwalimu alikuwa ameshaingia kwenye ajenda ya pili, ya kununua mipira mipya ya kumwagilia. Akaisoma mpaka mwisho, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Fundi alikuwa analia kwa sauti, na wajumbe walikuwa wameacha kusikiliza habari za mipira.