Ukuta wa Bafu la Ghorofa ya Pili

Wanafunzi wa uuguzi walimwita Mama Ndoo, naye hakuwahi kukasirika, maana kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona kwenye korido za bweni lile bila ndoo mkononi. Mabafu sita, vyoo kumi na viwili na ngazi za ghorofa tatu, vyote vilikuwa vyake. Aliamini kwamba dawa isiyowasha macho haisafishi kitu.

Hadi asubuhi moja, kwa haraka zake, alipomimina klorini chooni juu ya asidi ya kutoa madoa, dirisha limefungwa. Kifua kikambana kama kimekazwa kamba. Wanafunzi wawili walimburuta hadi nje, akihema kama samaki aliyetolewa majini. Daktari hakumung'unya maneno.

"Mama, hizo mbili hazichanganywi kamwe. Na kwa mapafu haya, dawa kali basi tena."

Alirudi nyumbani akijua kazi imeota mbawa. Shangazi yake, aliyezeekea kwenye jiko la hoteli, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Kazi gani imeisha? Masufuria ya watu mia mbili niliyang'arisha kwa siki na soda ya kupikia. Na pua yangu hii bado inanusa uongo wa mjomba wako tangu yuko getini."

"Shangazi, bafu si sufuria."

"Uchafu wenyewe haujui hilo."

Matroni, msimamizi wa bweni, aliguna, lakini akampa wiki mbili za majaribio. Mama Ndoo akaanza: soda kwenye masinki, limau kwenye mabomba, siki kwenye vioo. Siku ya tatu alisimama ghafla koridoni. Alikuwa ananusa kitu. Mvua! Ilikuwa inakuja, na harufu ya vumbi bichi ilikuwa imeingia dirishani. Akavuta pumzi tena, na tena, machozi yakimlengalenga. Kumbe pua yake ilikuwa imekufa miaka yote hiyo, naye hana habari.

Bafu la ghorofa ya pili lilikuwa na ukuta wa kijivu, mkavu, wenye mikwaruzo. Kila mtu alidhani ulijengwa hivyo. Lakini wiki hiyo Mama Ndoo alikuwa ameona siki ikiyeyusha ganda la chumvi ndani ya birika la chai, akajiuliza kama ukuta nao haukuvaa ganda lile lile. Akalowesha matambara kwenye siki, akayabandika ukutani, akaenda kufagia ngazi.

Aliporudi, alibandua tambara la kwanza na kusugua kwa brashi laini. Kijivu kikamomonyoka kama unga. Chini yake, buluu.

Tambara la pili: bawa. La tatu: shingo ndefu, na jicho dogo jeusi likimtazama. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Walikuwa korongo weupe, wamechorwa kwa mkono kigae baada ya kigae, wakiruka kutoka kwenye bomba hadi darini.

Alimwita Matroni. Akaja na funguo zake zikilia, akakwama mlangoni.

"Nani kachora haya?" alinong'ona.

"Sijui, Matroni. Ila walikuwemo. Siku zote walikuwemo."

Matroni alivua viatu kabla ya kuingia.

Ukuta mzima ulichukua wiki tatu. Wanafunzi walikuja na taulo mabegani, wakasimama kuutazama, wakasahau kuoga. Klorini ilifungiwa kabatini, ya kutumiwa na mwingine magonjwa yakizuka, na siki ikaanza kuletwa kwa madumu.

Siku ya mwisho, kwenye kigae cha chini kabisa pembeni, Mama Ndoo alikuta alama ya kidole gumba, imegandia ndani ya rangi. Fundi aliyechora aliigusa rangi ikiwa mbichi. Mama Ndoo akaweka kidole chake juu yake taratibu, akakaa hapo sakafuni mpaka makofi ya wanafunzi mlangoni yalipomshtua.