Kikohozi Kilichokwama Mlangoni kwa Hamisa

Hamisa Jabiri anaanza na walio wazima. Anavua ndala, anavaa buti safi zilizowekwa mlangoni, kisha anaingia kwenye banda la watoto wa mbwa na sufuria ya uji wa dagaa. Wote wanamrukia. Anasimama kimya, anasikiliza.

Hakuna anayekohoa.

"Haya, kuleni mabosi wangu," anasema akicheka.

Ni Mkuza, Kibaha, kwenye kituo kinacholea mbwa waliotelekezwa na kutunza wa watu waliosafiri. Hamisa, mzaliwa wa Kurui wilayani Kisarawe, ndiye mlezi wao. Watoto hawa waliahidiwa kwa wakulima wa kijijini kwa Hamisa, ambao mihogo yao inamalizwa na nguruwe pori.

Masika yalipoanza, mbwa wa mteja aliletwa akikohoa kama aliyekwamwa na mfupa. Mwenye kituo, Silvanus Mkude, akaamua wampige nyungu, kama mtu mwenye mafua. Ili wengine nao wakingwe, mbwa waliingizwa chumba kimoja, madirisha yakafungwa, mwarobaini ukachemshwa.

"Tulijiona madaktari," anasimulia Hamisa. "Mimi nakoroga, bosi anapepea mvuke."

Haikuchukua muda, karibu kituo kizima kikawa kinakohoa. Walionusurika ni watoto hao na mama yao, kwa sababu mama aligoma kutoka nao bandani.

"Mmeupika ugonjwa wenyewe!" aliwaambia daktari wa mifugo, Mwanajuma Shabani. Kikohozi hicho huenea kwa hewa na vyombo, akaeleza. Mbwa wakubwa wengi hupona, lakini kwa watoto wasiochanjwa kinaweza kushuka mapafuni na kuwaua. Aliagiza wagonjwa watengwe, madirisha yafunguliwe, kila banda liwe na vyombo vyake, na wazima wahudumiwe kwanza.

Kubadili nguo hakukumsumbua Hamisa. Kwake mate ya mbwa ni najisi, hivyo tangu aajiriwe ana nguo za kazi na nguo za swala. Akaongeza jozi nyingine kwa ajili ya wagonjwa.

"Leo unabadilisha mara ngapi, bibi harusi?" majirani walimtania.

"Nyie chekeni. Wakwe zangu wanang'ata!"

Mbwa wapya hawakupokelewa. Hata Silvanus, alipotoka kwa wagonjwa na kutaka kuwaona watoto, alizuiwa mlangoni.

"Bosi, humu hupiti."

Akarudi.

Kikohozi kikaisha bila kugusa mtoto hata mmoja, ingawa hadi leo Hamisa huanza nao kabla ya wengine. Sasa wote wamechanjwa, na mchana huu Mzee Mwinjuma, mmoja wa wakulima hao, amefika kutoka Kurui kuwachukua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamepona wangapi?"

"Hawakuugua, babu. Wote hawa hapa."

Mzee anawakagua kwa shaka. "Ndio watakaofukuza nguruwe? Mbona wanafukuza mikia yao?"

Mmoja anambwekea. Mzee anaruka nyuma, kisha anaangua kicheko. "Huyo ni wangu!"

Hamisa anapanga kufungua kituo chake Kurui. "Nitaanza na chumba cha wagonjwa," anasema. "Kiwe mbali, na madirisha makubwa."

"Basi njoo upesi," anamjibu mzee, akimkumbatia mbwa wake. "Kiwanja nitakupa mimi."