Viti Vinne vya Manyatta

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nalala sebuleni kwa dada yangu, mtaa wa Migosi, na shemeji alikuwa ameanza kuniita "msomi" kwa sauti ambayo haikuhitaji maelezo. Nilipopata kazi ya miezi miwili ya kujaza fomu za utafiti, niliishika kwa mikono miwili. Wanasosholojia wawili kutoka Nairobi, profesa mmoja na daktari mmoja mwanamke, walichunguza tofauti za maisha baina ya majirani. Mmoja wetu tuliojaza fomu angebaki nao mwaka mzima.

Ploti niliyopangiwa ilikuwa mtaa wa Manyatta, vyumba kumi vya kupangisha chini ya paa moja la mabati. Watoto na kazi niliuliza. Vyombo nilitakiwa kutazama tu na kutia alama, maana, tulivyoambiwa, watu hudanganya kuhusu mali. Chumba cha kwanza: viti vinne vya mbao, vitambaa vya kufuma, chupa ya chai. Cha pili, vivyo hivyo. Cha tano nilipoketi, kiti kilikuwa na joto. Joto langu mwenyewe.

Hata kwetu, mgeni akija, mama hutuma mtu akalete kiti kwa jirani. Lakini fomu iliuliza kilichomo chumbani, na kiti kilikuwamo. Nilibishana na nafsi yangu hadi chumba cha kumi, nikatia alama zote.

Wiki tatu baadaye tulikutana katika ukumbi wa hosteli karibu na ziwa.

"Ploti hii haina pengo lolote baina ya majirani," alisema profesa.

"Hata mapacha hawafanani hivyo, Prof," alisema daktari. "Nani alijaza?"

Niliinua mkono. Ningeweza kusema ndivyo nilivyoona, na ingekuwa kweli. Nilifikiria ile sebule ya dada.

"Viti ni vilevile," nikasema. "Vilikuwa vinanifuata."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Profesa hakucheka. Kwa saa nzima walibishana. Daktari alisema nani humpa nani kiti ndiyo habari yenyewe. Profesa alisema fomu zimeharibika. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu.

Ile nafasi ya mwaka alipewa mwenzangu ambaye fomu zake zilikuwa safi. Profesa aliahidi kuniandikia barua ya kuombea kazi, ila kwanza nirudie vyumba vyote kumi, safari hii niulize: je, viti hivi ni mali yako peke yako?

Mama wa chumba cha kwanza, anayeuza mitumba sokoni Kibuye, alinitazama.

"Kwani imepotea?"

"Hapana, mama. Nauliza tu."

"Siku ile ulikalia, ukakunywa chai. Hukuuliza."

"Ni kazi, mama."

"Haya, Bwana Kazi. Andika ni ya sisi."

Fomu ilikuwa na ndiyo na hapana tu. Nilikaa nikilizungusha jambo hilo kichwani hadi akaniuliza kama ninaumwa. Nikaandika hapana. Wa pili alijibu kama wa kwanza, na wa tatu pia. Jioni nilikuwa na hapana kumi, na kwenye karatasi viti vile havikuwa na mwenyewe.

Nilimpelekea profesa hivyo hivyo. Barua aliyoniandikia ilikuwa na mistari miwili.